Nafasi Moja ya Kukosea

Kaeni vizuri, ndugu zangu, maana mfano wangu wa leo ni wa kompyuta, na ninamwona Mzee Mntangi ameshakunja mikono. Mzee, usilale. Hakuna waya utakaokugusa. Mimi mwenyewe mambo haya nayajua kwa kusimuliwa tu. Binti yangu ndiye anayefanya kazi hizo, na alinieleza akiwa jikoni anamenya viazi, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena, akaniuliza, “Baba, unataka kuacha uchungaji?” Lakini kisa chenyewe nimekitunga mimi, kwa hiyo mtu asitoke hapa akaenda kumsumbua karani wa zahanati yoyote.

Palikuwa na karani mmoja. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani pale zahanati, kupokea kadi za wagonjwa na kuyafungua mafaili yao kwenye kompyuta. Alikuwa mtu mwaminifu. Alifika kabla ya wote, kalamu zake zilikuwa zimepangwa, na hakuna siku aliyopoteza karatasi ya mtu. Ila alikuwa na kanuni yake moja. Ukija bila kadi, unarudi nyumbani kuifuata. Ukisema, “Lakini namba naikumbuka,” unarudi. Ukisema kwako ni mbali, unarudi vilevile. Na kila alipomrudisha mtu, alimsindikiza na maneno haya: “Anayejua hakosei.”

Tusimwonee. Kanuni ile haikutoka hewani. Miaka ya nyuma mzee mmoja alimtajia namba kwa mdomo, akakosea tarakimu moja, karani akafungua faili la mtu mwingine, na yule mzee akanywa dawa za jirani yake kwa wiki nzima. Mzee hakufa, lakini karani aliitwa ofisini akasemwa mpaka akatoka jasho. Tangu hapo akajifunga: kosa halitapita tena dirishani kwangu. Mnaona alivyoanza? Alianza kwa kuogopa kuwadhuru watu.

Sasa ikaletwa kompyuta nyingine, kuukuu kidogo lakini nzima, na fundi akaja kuitayarisha. Kwa kuwa ndani yake mna siri za wagonjwa, fundi akaifunga ile sehemu inayotunza kila kitu. Binti yangu anasema hivi: kompyuta nyingi humwacha mgeni aingie mpaka sebuleni, ndipo zimuulize yeye nani. Hii inakuuliza ukiwa bado nje, kabla haijaamka sawasawa. Inataka neno la siri, vijana mnaita paswedi. Usipolitoa, haiamki. Na wakati unaliandika huoni kitu, wala herufi wala nukta. Unaandika gizani, unabonyeza, unangoja.

Fundi akamuuliza karani, “Mzee, mtu akikosea neno, nimpe nafasi ngapi za kujaribu? Wengi huweka tatu.”

Karani akasema, “Weka moja.”

“Moja, mzee? Vidole huteleza.”

“Anayejua hakosei. Anayekosea ni mwizi.”

“Na akikosea hiyo moja?”

“Ijizime. Aondoke.”

Fundi ni kijana, na alikuwa amefundishwa adabu kwao. Hakubishana na mtu mzima. Akaweka moja. Kisha akageuka ukutani ili karani aandike neno lake bila kuonwa, maana fundi yule hakutaka kulijua. Karani akachagua maneno ambayo hangeweza kuyasahau hata akiugua. Sikilizeni alivyochagua. Aliandika: anayejuahakosei, yote yakiwa yameunganishwa. Mnacheka. Ndiyo, maneno aliyokuwa akiyasema dirishani mara ishirini kwa siku. Kijiji kizima kilikuwa na paswedi yake mdomoni na hakuna aliyejua.

Miezi ikapita. Kompyuta ile haikuwa ikizimwa, kwa hiyo lile neno la kuiamshia hakuulizwa tena. Mkono wake ukalisahau, kichwa hakikulisahau. Ninyi mnaokariri zaburi na kisha mkaambiwa mziseme mbele ya watu, mnaijua tofauti hiyo.

Asubuhi moja akaja mama mmoja amembeba mtoto mgongoni, msichana wa miaka minne. Mtoto alikuwa na homa kali, macho hayafunguki vizuri, pumzi fupi fupi. Mama alikuwa ametoka upande wa pili wa kilima, saa mbili kwa miguu, na alitoka mbio.

Karani akanyoosha mkono. “Kadi, mama.”

“Baba, nimeisahau juu ya kabati. Mtoto alizidiwa nikamnyakua nikaondoka.”

“Rudi ukaichukue.”

“Namba naikumbuka. Nitazamie tu, baba. Mwaka jana alichomwa sindano hapahapa, koo likamvimba, akakaribia kufa. Wakaniambia imeandikwa ni dawa gani, asipewe tena.”

“Kama unajua ni muhimu hivyo, mbona umeisahau? Anayejua hakosei. Rudi ukaichukue.”

Yule mama hakupiga kelele. Alimfunga mtoto upya kwa kitenge, akageuka kuelekea mlangoni. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na mtoto katika hali ile.

Niwaulize, ndugu zangu. Karani alivunja sheria gani? Hakuna. Alitukana? Hakutukana. Angekaguliwa siku ile, mkaguzi angempa mkono.

Mama hajafika getini, umeme ukakatika, ukarudi. Mnaujua mchezo huo. Kifaa cha kushikilia umeme kilikuwa kimekufa tangu mwezi uliopita, basi kompyuta nayo ikazimika. Na wakati huohuo muuguzi alitoka nje, akaona yule mtoto anavyohema, akamwita mama arudi. Akamlaza mtoto kitandani, akamtazama, akaja dirishani kwa karani.

“Nataka faili la mtoto huyu sasa hivi,” akasema. “Anahitaji sindano. Ninazo dawa mbili kabatini, zote unga mweupe kwenye kichupa, na mama anakumbuka unga mweupe basi. Moja inamponya. Nyingine ndiyo ile ya mwaka jana. Nisomee ni ipi.”

Karani hakuuliza habari ya kadi tena. Muuguzi ndiye aliyesema, na mtoto anamsikia anavyokoroma. Akaiwasha kompyuta. Mashine kuukuu ile ilichukua robo saa kujikongoja mpaka kufika kwenye swali. Ikauliza neno. Karani akaandika haraka, akabonyeza.

Kisha kioo kikaandika: neno si sahihi. Mashine ikajizima.

Akaiwasha tena. Robo saa nyingine. Jasho linamtoka, na muuguzi anamkanda mtoto kwa maji, kila akipita anatazama dirishani. Karani safari hii alikuwa na hasira. Aliandika kwa nguvu, vidole vinagonga kama anayetwanga. Neno si sahihi. Ikajizima.

Akampigia fundi simu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mashine yako imeharibika. Neno naliandika inalikataa.”

“Haijaharibika, mzee. Umekosea kuandika.”

“Nalijua neno langu.”

“Sijasema hulijui. Nimesema umekosea.”

“Basi nifungulie kutoka hukohuko.”

“Sina namna. Hilo neno lako sikulitaka hata kulijua, unakumbuka niligeukia ukutani.”

“Sasa mbona hainipi nafasi nyingine pale pale? Mpaka izime, nikae robo saa? Kuna mtoto hapa anakata roho. Nani aliyetengeneza kitu cha namna hii?”

Fundi akaishusha sauti, maana ana adabu. Kisha akasema, “Wewe, mzee. Nilikuuliza ngapi, ukasema moja.”

Karani akaiweka simu mezani. Waswahili wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na siku hiyo ulikuwa umemwingia barabara. Ule mlango uliokuwa umemfungia nje, fundi alikuwa ameupiga misumari tu. Vipimo vilikuwa vya karani mwenyewe.

Akabonyeza kuiwasha mara ya tatu. Muuguzi akaja, akasema kwa sauti ya chini, “Hii ni ya mwisho. Ikikataa, nitachagua mwenyewe, siwezi kungoja tena. Na wewe ukikosea unaiwasha upya. Mimi nikikosea, hakuna cha kuwasha.”

Robo saa ile, nadhani kwa karani ilikuwa ndefu kuliko miaka yake yote kazini. Dirisha lilikuwa wazi. Upande wa pili wa dirisha alisimama yule mama. Muuguzi alikuwa amemwambia akae nje ya chumba, na hakuwa na mahali pengine pa kusimama. Wakatazamana. Huyu alikuwa amesahau kadi, na yule vidole vyake vilikuwa vimesahau neno.

Mama alikuwa na haki ya kusema nini pale? Wewe ungesema nini, Mama Shemdoe? Mimi najua ningesema nini. Ningemwambia, rudi nyumbani kwako ukalichukue. Na ingekuwa haki yangu kabisa.

Yeye akasema, “Baba, usikimbie. Andika herufi moja, itamke moyoni, ndipo uandike nyingine. Mimi dawa za mama mkwe wangu nazihesabu hivyo, maana nikifanya haraka nakosea.”

Swali likatokea kwenye kioo. Karani akaandika herufi moja. Akaitamka moyoni. Akaandika ya pili. Haoni kitu, hakuna hata nukta. Na kwa kuwa safari hii alikuwa akiyatamka, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno yake mwenyewe. Anayejua. Hakosei. Akabonyeza.

Ikafunguka.

Mama akamtajia namba kwa mdomo. Faili likatokea, jina ni lile, umri ni ule, na chini yake kwa herufi nyekundu jina la dawa. Karani akalipigia kelele mpaka chumba cha pili. Muuguzi akakirudisha kabatini kichupa alichokuwa amekwisha kukishika mkononi, akachukua kile kingine. Jioni yake mtoto alikaa kitako akaomba uji.

Siku ya pili karani akampigia fundi. “Njoo ubadilishe ile idadi.”

Fundi akasema, “Nitakuja, mzee. Niweke ngapi?”

Hapo ndipo mfano wangu unakatika. Msinitazame hivyo. Binti yangu naye aliniuliza, “Akajibu ngapi?” Nikamwambia sijui, karani sijamfikisha huko. Nimejaribu kumfikisha, akagoma, kwa sababu kila nikimtafutia jibu, naona anayenitazama dirishani ni mtu mwingine.

Sasa tuache zahanati, tuje hapa ndani.

Leo baada ya ibada baraza la wazee linakaa, na kila mtu hapa anajua lina barua gani mezani. Ndugu yetu aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa hili kwa miaka kumi na minne ameomba kurudi kundini. Hayo si siri, maana alipotengwa tulitangaza kutoka mimbari hii hii. Mnakumbuka alivyoanguka mara ya kwanza: alilewa, akapiga kengele ya Jumapili siku ya Jumamosi, nusu ya usharika ikaja na vitabu vya nyimbo, na Mzee Mntangi akaja na suti. Tulikasirika, kisha tukacheka, akatubu, tukampokea. Halafu akaanguka tena, katikati ya Kwaresma, na safari hiyo hakuna aliyecheka. Tangu hapo anaketi benchi lile la mwisho, karibu na mlango, na tukianza kujiandaa kwa Meza ya Bwana anatoka taratibu ili asitusumbue.

Na tukisoma kitabu cha maazimio ya usharika wetu tunakuta imeandikwa: aliyetengwa atapokewa tena mara moja tu. Wengi mnadhani imetoka juu, dayosisi. Haikutoka juu. Iliandikwa mwaka juzi, hapo chumba cha wazee, na mwandiko ni wangu. Mtu mmoja aliuliza kwenye kikao kile, “Tuweke ngapi?” Nikajibu mimi, tena upesi, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na nilitaka kufika nyumbani. Nikasema, “Moja inatosha. Anayetubu kweli harudii.” Mkainua mikono. Ninaona aibu kulisema jambo hili mbele yenu, lakini ningeona aibu zaidi kulificha na huku nimewachekesha habari za karani.

Msinisikie vibaya. Najua kuna mtu anasema moyoni: mchungaji anataka kuondoa nidhamu, kila mtu alewe na kurudi apendavyo. Hapana. Tazama tena mfano. Kuna mtu aliyemwambia fundi afute neno la siri? Hakuna. Mlango ulibaki umefungwa, na mwizi angebaki nje. Swali lilikuwa idadi ya nafasi tu. Na sisi pia neno letu ni lilelile, hatulibadilishi: nimekosa, nisameheni, nisaidieni niache. Ndugu yetu atalisema, na chupa ataiacha, na tutamshika mkono aiache. Ila tukumbuke kwamba analiandika gizani. Anabonyeza, haoni hata nukta moja ya kumwambia kwamba sasa anakaribia. Mtu wa namna hiyo ukimwambia una moja tu, unamtetemesha vidole.

Na sisi je, tunaoketi mabenchi ya mbele? Leo asubuhi, nyumbani kwako, ulikosea mara ngapi kabla hujavaa viatu? Mimi nilimfokea mke wangu kwa ajili ya kola ya shati, na kola ilikuwa mahali nilipoiweka mimi. Nikaomba msamaha. Akaniambia, “Haya, twende tutachelewa.” Juma lililopita vilevile, na lile la nyuma yake. Hajawahi kuniambia nafasi yangu imekwisha. Na Yeye tunayemwendea hapa kila Jumapili na dhambi ileile ya Jumapili iliyopita, ametuweka ngapi? Tumewahi kufika tukakuta ameizima taa?

Barua ya ndugu yetu nimeisoma. Ni mistari minne. Mstari wa mwisho anasema hata asiporudishiwa kengele, anaomba tu asiwe anatoka kabla ya Meza. Mke wake, ambaye hajakosa lolote, anamfuata nje kila mara ili asisimame peke yake. Mmewahi kumwona? Mimi kutoka hapa mimbarini namwona kila mwezi, na kila mwezi nimeendelea na liturujia.

Basi tutaimba wimbo mmoja, kisha tutaandaa Meza. Wewe uliye karibu na mlango, leo usitoke. Sikukaribishi Mezani, hilo baraza halijalikata, na sitalifanya peke yangu. Nakuomba ukae tu, na mama akae kando yako, msije mkasimama juani tena.

Na wazee, tukishamaliza, tukutane chumbani. Kitabu cha maazimio nitakifungua ukurasa ule wenye mwandiko wangu, kalamu nitaishika mimi kama siku ile, nami nitawauliza kama alivyouliza yule fundi: niweke ngapi? Leo hakuna mvua. Hakuna anayewahi nyumbani. Kila mmoja, kabla hajanitajia idadi, akumbuke kwamba ndiyo itakayomngoja na yeye.